Rangi ya Mabaka Inayodumu kwenye Kitako cha Bunduki ya Uwindaji

Rangi ya mabaka inayopakwa kwenye kitako cha bunduki ya uwindaji hudaiwa mambo mawili yanayovutana, kwa kuwa inatakiwa ising'ae hata kidogo, maana mng'ao humwonyesha mnyama mahali alipo mwindaji, na wakati huohuo inatakiwa iwe ngumu kiasi cha kustahimili miiba, mvua, jasho la mikono, mafuta ya kusafishia na msuguano wa mkanda wa begani. Kwa kitako hapa hakukusudiwi sehemu ya nyuma peke yake, ile inayoegemezwa begani, bali umbo zima la mti au plastiki linalobeba mtutu na mtambo, ambalo mikono na shavu la mpigaji hukutana nalo kila bunduki inapoinuliwa. Nchini Marekani na Kanada, ambako kazi hii imezoeleka kiasi kwamba makopo ya rangi ya mabaka huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi pamoja na rangi za uzio na za viti vya bustanini, wamiliki wengi huanza kwa kuuliza ni rangi ipi iliyo ngumu kuliko zote. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halipaswi kutangulia, kwa sababu rangi ngumu kuliko zote ikipakwa juu ya plastiki isiyoikubali hubanduka mapema kuliko rangi ya bei ndogo iliyopakwa mahali pake. La kwanza kujulikana ni kitako kimetengenezwa kwa kitu gani, na la pili ni kama mwenye bunduki anataka rangi ya kukaa miaka mingi bila kuguswa au rangi atakayoirudia mwenyewe kila msimu unapokaribia.

Rangi inaweza kubanduka vipande vipande, inaweza kulainishwa na kemikali, inaweza kupauka kwa jua, na inaweza pia, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitarajii, kubaki mahali pake ikiwa nzima lakini ikaanza kung'aa. Ili kulielewa jambo hili la mwisho inafaa kukumbuka jinsi rangi inavyoundwa. Ndani yake mna chembe za unga zinazotoa rangi yenyewe, mna utomvu unaozishikanisha chembe hizo na kuzigandisha kwenye kitu kilichopakwa, na mna kiyeyushi, ambacho mafundi hukiita tina, kinachoruka hewani rangi inapokauka. Utomvu ukizidi, uso wa rangi hukauka ukiwa laini na tambarare, na mwanga unaoupiga hurudi wote kwa upande mmoja, ndipo uso unapong'aa. Chembe zikizidi, au mtengenezaji akiongeza unga wa silika, uso hukauka ukiwa na vinundu vidogo mno ambavyo huutawanya mwanga kila upande, na hiyo ndiyo rangi ya mati, yaani rangi isiyong'aa. Hivyo ukosefu wa mng'ao hupatikana kwa kupunguza sehemu ya kitu kinachoshikanisha na kuongeza sehemu ya kitu kinachoshikanishwa, na ndiyo sababu rangi ya mati, kwa aina moja ya utomvu, huwa dhaifu na yenye vinyweleo zaidi kuliko dada yake inayong'aa, hunywa mafuta ya mikono na huchubuka upesi.

Vinundu hivyo ndivyo vinavyosagika. Mahali ambapo kiganja hushika, ambapo shavu hulala na ambapo mkanda husugua, uso huwa laini kidogo kidogo na kurudi kwenye mng'ao ambao mnunuzi aliukimbia, na kwa kuwa sehemu hizo ndizo hasa zinazosogea mnyama anapotazama, hasara yake ni kubwa kuliko ya mkwaruzo wa kawaida. Jeshi la Marekani lilikutana na shida hiyohiyo kwenye rangi ya poliyurethini isiyong'aa inayopakwa magari yake, iliyoundwa ili istahimili silaha za kemikali, na katika toleo linalochanganywa kwa maji silika iliachiwa nafasi na vishanga vidogo vya plastiki, ambavyo hubonyea vinaposuguliwa badala ya kusagika, hivyo alama nyeupe za mikwaruzo zikapungua sana. Mmiliki wa bunduki moja hana haja ya kutafuta rangi ya kijeshi, lakini anaweza kuchukua funzo lake: atafute rangi ambayo mtengenezaji ameitaja kuwa hustahimili msuguano, na sehemu za kushikia azipe uso wenye mparuzo mkubwa unaoonekana kwa jicho, kwa kupulizia tabaka la chini la rangi zito lenye matone, kwa sababu vilima vikubwa huchukua muda mrefu kusagika hadi chini na mabonde yaliyo kati yake hubaki bila mng'ao.

Sasa kuhusu kitako chenyewe. Kwa karne nyingi vitako vilichongwa kwa mbao, na mbao iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mjozi, mti unaozaa jozi, kwa kuwa ni nyepesi kwa kadiri ya nguvu zake, haipasuki upesi na hutulia ikishakaushwa vizuri. Hata hivyo mbao ni kitu kinachovuta na kutoa unyevu maisha yake yote, hivyo hutanuka na kusinyaa kwa majira, na rangi ngumu isiyojikunja iliyopakwa juu yake hupasuka kwa nyufa nyembamba zinazofuata mkondo wa nyuzi za mti. Tabia hiyo ndiyo iliyowasumbua walenga shabaha wa kikosi cha Marine cha Marekani katika vita vya Vietnam, ambao bunduki zao za M40, zilizoanza kutumika mwaka 1966, zilikuwa na vitako vya mjozi vilivyovimba kwa unyevunyevu wa misitu ile na kuusukuma mtutu nje ya mstari wake, na toleo la M40A1 lililofuata katika miaka ya 1970 likapewa kitako cha faibaglasi kutoka kwa McMillan, chenye rangi za kujificha zilizochanganywa ndani ya utomvu wenyewe kabla haujakauka. Rangi iliyo ndani ya kitako hukwaruzika bila kuonyesha weupe, kwa kuwa chini yake kuna rangi ileile, na anayenunua kitako kipya cha faibaglasi anashauriwa kuagiza cha namna hiyo badala ya kununua cheusi na kukipaka baadaye.

Plastiki iliingia katika kazi hii mapema zaidi. Mwaka 1959 kampuni ya Remington ilitoa bunduki ndogo iliyoitwa Nylon 66, ambayo kitako chake kilifinyangwa kwa nailoni ya Zytel kutoka DuPont, na tangu hapo vitako vya plastiki vimekuwa vya kawaida kwenye bunduki za bei ya kati na ya chini. Tatizo ni kwamba jina plastiki hufunika vitu vingi visivyofanana. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo ili kuikaza hupokea rangi vizuri ikishaparuzwa, na vivyo hivyo faibaglasi na nyuzi za kaboni, ambazo utomvu wake wa epoksi au poliyesta ni jamaa wa karibu wa rangi zenyewe. Polipropilini, ambayo hutumika katika vitako vya bei ndogo kwa sababu hufinyangwa kwa urahisi, ina uso ambao hauvutani na vimiminika, hivyo rangi iliyo juu yake hujikusanya na kujitenga, kama maji yanavyojitenga kwenye jani la muhogo. Namna rahisi ya kutambua ni kukiosha kitako kwa sabuni, kukisuuza, kisha kutazama maji yanavyokaa: yakitandaa kwa utando mmoja uso uko tayari kupokea rangi, na yakijikusanya kwa matone, ama kumebaki mafuta ama plastiki yenyewe ni ya jamii ya polipropilini, na hapo hapana budi kutumia praima maalumu ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ambayo kazi yake ni kuunganisha. Vitako vilivyofunikwa kwa mpira laini kwenye mishiko havifai kupakwa mahali hapo kwa rangi yoyote, na mpira wa nyuma unaopunguza mshtuko wa bunduki begani uvuliwe kabla ya kazi, kwa kuwa kila unapobonyea huivunja rangi iliyo juu yake.

Rangi zenyewe zinaweza kutazamwa kwa ngazi tatu. Ngazi ya chini kabisa kwa bei ni rangi za kopo la kupuliza, kama za Krylon na Rust-Oleum, ambazo makampuni hayo yamezitenga mahususi kwa mabaka na kuzifanya zising'ae kabisa. Nyingi kati ya hizi zinakauka kwa kiyeyushi kuruka hewani na kwa utomvu kufyonza oksijeni, bila kitu cha pili cha kuchanganya, na kwa sababu hiyo hubaki laini kwa kadiri fulani na huyeyushwa kwa urahisi na kemikali kali. Udhaifu huo una faida yake, maana rangi inayoyeyuka ni rangi inayoondoleka, na mwindaji ambaye Novemba huwa kwenye msitu uliopukutika majani na Aprili huwa kwenye majani mabichi anaweza kubadilisha sura ya bunduki yake kwa jioni moja na kwa gharama ya makopo machache. Kosa linalofanyika mara kwa mara ni haraka: Krylon yenyewe hueleza kwamba kwenye plastiki rangi yake ya jamii hii hufikia mshiko wake kamili baada ya siku 7, ilhali wengi hupeleka bunduki porini siku inayofuata kwa kuwa mkono haukushika rangi, kisha wakailaumu rangi.

Ngazi ya pili ni ya rangi za vitu viwili, ambazo mpakaji huchanganya rangi na kigandishaji, kile ambacho mafundi wa magari hukiita hadina, muda mfupi kabla ya kupuliza. Ndani ya mchanganyiko huo molekuli hufungana kuwa wavu mmoja usioyeyuka tena, na hapo ndipo ugumu na ustahimilivu wa kemikali unapotoka. DuraCoat, inayotengenezwa kwa ajili ya silaha, ni ya jamii hii, huchanganywa kwa kawaida sehemu 12 za rangi kwa sehemu 1 ya kigandishaji, hugusika baada ya muda mfupi lakini huendelea kukomaa kwa wiki kadhaa, na haihitaji oveni, sifa inayoifaa sana mbao na plastiki zisizotaka joto. Poliyurethini ya magari yenye kipunguza mng'ao hufanya kazi inayokaribiana nayo, na mahali palipo na fundi mzuri wa rangi za magari ni njia ya busara. Epoksi peke yake isiachwe juu, kwa sababu ingawa hushika kuliko karibu kila kitu kingine, jua huigeuza uso wake kuwa unga wa chaki, hivyo nafasi yake ni chini, kama praima, na poliyurethini ikae juu.

Ngazi ya tatu ni rangi zenye seramiki, na iliyo maarufu zaidi ni Cerakote ya kampuni ya NIC Industries ya jimbo la Oregon. Mfululizo wake wa H huokwa kwenye oveni, kwa kawaida kwenye nyuzi joto 121 za Selsiasi kwa saa 2, na kwa chuma matokeo yake ni bora sana, kwa kuwa tabaka la unene wa takriban mikroni 25 tu hustahimili msuguano na kemikali kwa namna ambayo rangi ya kopo haiwezi kuikaribia. Kwa kitako, hata hivyo, joto hilo ndilo linaloleta shida: mbao hunyauka na kupasuka, na polipropilini huanza kujipinda. Yapo maelekezo ya kuoka kwa joto la chini zaidi kwa vitu vya namna hiyo, na upo mfululizo wa C unaokomaa kwa joto la kawaida la chumba kwa siku 5, lakini kazi hii inahitaji bunduki nzuri ya kupulizia, kikandamiza hewa chenye hewa kavu na mkono uliozoea, kwa hiyo ni afadhali ifanywe na fundi aliyeidhinishwa. Anayetaka michoro ya picha ya misitu, kama ile ya Realtree na Mossy Oak, ambayo yote miwili ilianza mwaka 1986, hatoipata kwa kopo la rangi, kwa kuwa ni mali ya makampuni hayo na huja kwenye utando mwembamba unaowekwa uelee juu ya maji, ukalainishwa kwa kemikali, na kitako kikatumbukizwa katikati yake ili mchoro ukivae. Uimara wa kazi ya namna hiyo hautokani na utando, bali na vanishi isiyo na rangi inayopulizwa juu yake, na mteja anapaswa kumwuliza fundi ni vanishi ya aina gani na kama ni ya mati kweli.

Kemikali zinazopaswa kuogopwa kuliko zote hazimo katika mvua wala matope. Dawa za kuzuia mbu na kupe zenye DEET hulainisha rangi, vanishi na aina nyingi za plastiki, na mwindaji aliyejipaka viganjani kisha akashika bunduki anaweza kukuta alama za vidole vyake zimezama katika rangi ya kopo. Dawa za kusafishia ndani ya mtutu, hasa zenye amonia ya kuyeyushia mabaki ya shaba, hudondoka kutoka nyuma ya mtambo na kuchora mistari kitakoni. Kwa mtu anayewinda katika maeneo ya mbu wengi na anayesafisha bunduki yake mara kwa mara, sababu hizi mbili peke yake zinatosha kumfanya aache kopo na kuchagua rangi ya vitu viwili, na hata akishachagua hivyo, dawa ya mbu ipakwe kwa kitambaa au glavu zivaliwe.

Kuhusu kupauka, elimu ya chembe za rangi inatoa mwongozo mzuri. Kahawia, nyekundu ya udongo na manjano ya udongo hutokana na oksaidi za chuma, yaani kutu iliyosafishwa, ambayo jua haliwezi kuifanya lolote, na nyeusi ya masizi ni imara vivyo hivyo. Kijani kinategemea kimetengenezwaje: kile cha oksaidi ya kromiamu hudumu, ilhali kile cha bei ndogo kinachopatikana kwa kuchanganya manjano ya kikaboni na bluu hupoteza manjano kwanza na kubaki na ubluu, na ubluu ni rangi mbaya kwa kazi hii kwa sababu nyingine inayohusu macho ya mnyama.

Kulungu wa Amerika mwenye mkia mweupe ana aina mbili tu za chembe za kupokea rangi ndani ya jicho, moja ya mawimbi mafupi ya bluu na nyingine ya mawimbi ya kati ya kijani, hivyo hatofautishi vizuri rangi ya machungwa na kijani, lakini huona bluu kwa ukali. Hiyo ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yanaweza kuwalazimisha wawindaji wa kulungu wavae vizibao vya rangi kali ya machungwa ili wasipigane risasi, bila kuwaharibia uwindaji wao. Kwa mwindaji wa kulungu, basi, kung'aa, ubluu na mwendo wa mikono vina uzito kuliko usahihi wa kahawia yake. Bata mzinga wa mwituni ni mwingine kabisa, kwa kuwa ndege ana aina nne za chembe hizo na huona rangi kwa upana kuliko binadamu, na mwindaji wake hana budi kulinganisha rangi za kitako na majani halisi ya mahali anapowinda, akijiepusha na nyekundu, nyeupe na bluu, ambazo ni rangi za kichwa cha bata mzinga dume na zinaweza kumfanya mwindaji mwingine afyatue risasi kuelekea kwake.

Mpangilio wa mabaka una historia ya kisayansi ambayo mpakaji akiijua atafanya kazi bora. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer alieleza mwaka 1896 kwa nini wanyama wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, kama swala wa nyika za Afrika Mashariki: mwanga hutoka juu, kwa hiyo rangi iliyokolea juu na iliyofifia chini hufuta kivuli na kumfanya mnyama aonekane bapa, asiye na umbo. Mwaka 1940 mtaalamu wa wanyama wa Uingereza Hugh Cott, ambaye baadaye alichunguza mamba wa Mto Nile nchini Uganda, aliitumia kanuni hiyo kwenye moja ya mizinga miwili ya reli, mwingine ukapakwa kwa desturi ya jeshi, na katika picha zilizopigwa kutoka angani ule wa Cott ulikuwa karibu hauonekani. Kitako na mtutu ni vitu vya duara virefu kama mzinga, vinaangaziwa kutoka juu vilevile, na bado wapakaji wengi hupaka rangi moja ya msingi kuzunguka pande zote. Kuweka udongo uliokolea juu na kuufifisha kuelekea chini hakuongezi gharama yoyote. Kanuni ya pili ni kwamba mabaka makubwa yenye tofauti kubwa ya weupe na weusi huukata mstari wa pembeni wa umbo, ilhali mabaka madogo madogo yakitazamwa kutoka mbali huchanganyika na kuwa kivuli kimoja chenye umbo lilelile la bunduki. Upana wa baka uwe basi sawa na kimo cha kitako au zaidi, likivuka kutoka ukingo hadi ukingo, na nyeusi tupu itumike kwa uchache sana, kwa kuwa porini ni nadra.

Maandalizi ndiyo yanayobeba kazi yote, na hapa msomaji anaombwa asifupishe hatua. Bunduki ihakikishwe kuwa haina risasi, katika chemba na katika magazini, kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote zitolewe katika chumba cha kazi. Mtambo na mtutu vitenganishwe na kitako kwa kufungua skrubu zake. Kitako kioshwe kwa maji moto na sabuni ya vyombo, kwa sababu vitako vipya hutoka kiwandani vikiwa na utando wa kemikali iliyosaidia kuvitoa kwenye kalibu na vya zamani vimenyonya mafuta ya bunduki. Baada ya kukauka kipigwe msasa wa maji wa namba 320 hadi 400 mpaka mng'ao wote wa asili uondoke, kisha kifutwe kwa alkoholi ya isopropili, ambayo haidhuru plastiki nyingi, badala ya asetoni, inayoyeyusha baadhi yake. Kuanzia hapo kishikwe kwa glavu safi tu. Mbao iliyowahi kupakwa mafuta ya kitani haipokei rangi mpaka ikwanguliwe hadi kwenye mti mkavu na kuzibwa vinyweleo, nje na ndani, maana kuziba nje na kuacha ndani wazi kunaufanya unyevu uingie upande mmoja na kukipinda kitako.

Sehemu mbili hazipakwi kamwe. Ya kwanza ni mlalo wa mtambo, yaani mahali ndani ya kitako ambapo chuma hukaa kwa kubanwa na skrubu, kwa sababu tabaka la rangi hapo, hata likiwa jembamba, husagika kwa mishtuko ya risasi, skrubu zikalegea na shabaha ikahama. Ya pili ni kila mahali penye namba ya bunduki, alama za kiwanda, kifyatuo na loki ya usalama. Namba ni kitambulisho cha kisheria cha silaha, na sheria ya shirikisho ya Marekani inahesabu kuifuta kuwa kosa la jinai, kwa hiyo izibwe kwa utepe wa karatasi ambao mafundi huuita maskintepu na iachwe ikisomeka. Mfereji wa mtutu, ambao katika bunduki nyingi huachwa na nafasi ili mtutu usiguse kitako, upakwe tabaka moja jembamba tu, na baada ya kuunganisha karatasi ipitishwe katikati kuhakikisha nafasi ipo bado.

Kupuliza kwenyewe si kugumu. Hewa iwe kati ya nyuzi joto 10 na 32 za Selsiasi na isiwe na unyevu mwingi, kopo lishikwe sentimita 25 hadi 30 kutoka kitakoni, na matabaka yawe mengi na membamba. Rangi za kopo nyingi zina dirisha la kurudia, kwa mfano ndani ya saa moja au baada ya siku mbili, na anayepuliza katikati ya nyakati hizo huilainisha rangi ya chini kabla haijakomaa na kuikunja uso. Rangi nyepesi hutangulia, na juu yake huwekwa majani, nyasi au wavu wa nguo vikiwa kiolezo, kisha rangi iliyokolea hupulizwa kwa mkupuo mfupi, na sponji iliyokamuliwa hutumika kuziba mahali palipo pakali mno. Anayetumia rangi ya vitu viwili azingatie jambo moja zaidi, nalo ni la maisha: vigandishaji vingi vya poliyurethini vina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mpulizaji pumu ya kudumu, na mwili ukishaizoea vibaya hata kiasi kidogo baadaye huleta shambulio. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapo. Kazi ifanyike kwenye chumba cha kupulizia chenye mfumo wa kutoa hewa, mpakaji akivaa kifaa cha kumletea hewa safi kutoka nje, miwani na glavu, na asiyekuwa navyo ampelekee fundi mwenye navyo.

Kabla ya kupaka kitako kizima ni vema kujaribu mahali pasipoonekana, kama chini ya mpira wa begani, kwa njia ambayo wahandisi wa rangi wameiweka katika kiwango cha ASTM D3359. Baada ya rangi kukomaa, mistari ya kuvukana hukatwa kwa wembe hadi ifike kwenye plastiki, vikatokea viraba vidogo, kisha utepe wa gundi hubandikwa juu yake na kuvutwa. Viraba vyote vikibaki, daraja ni 5B na kazi inaweza kuendelea. Vikitoka kwa wingi, hakuna vanishi ya juu itakayookoa rangi hiyo, na la kufanya ni kurudi kwenye msasa na praima.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina mipaka yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977, Tanzania inauruhusu kwa leseni, na katika Kenya, Tanzania na Uganda mavazi ya mabaka yanayofanana na ya kijeshi hayaruhusiwi kwa raia. Mwenye bunduki halali katika nchi hizi asipake mabaka ya aina yoyote kabla ya kumwuliza afisa wa polisi anayesimamia leseni za silaha, na kwa mazingira ya nyika rangi moja ya udongo isiyong'aa humtosha bila kumwingiza katika mashaka.

Kwa kupima yote hayo, kitako cha polipropilini kipakwe rangi ya kopo ya plastiki juu ya praima yake, na mwenyewe akubali kuirudia; kitako cha nailoni au faibaglasi kinastahili rangi ya vitu viwili, ambayo ndiyo chaguo bora kwa anayetaka kupaka mara moja na kutulia; na kitako cha mjozi kizuri kisipakwe kabisa, bali kivishwe kwa msimu utepe wa kitambaa unaojishika wenyewe bila gundi, ukavuliwa kila jioni ya mvua ili unyevu usibaki chini yake. Na kwa kuwa kitako kimefunguliwa na kufungwa upya, skrubu zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji na bunduki ilengeshwe tena kwenye uwanja wa shabaha kabla ya kupelekwa kwa mnyama yeyote, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa kwa risasi iliyokwenda kando huteseka kwa uzembe ambao ungeondolewa kwa risasi chache za majaribio.